Kanisa la Temeke Lililolazwa Kibla

Tangu nirudi, nimeulizwa habari hii mara nyingi kuliko nilivyoulizwa hali ya afya yangu. Ndugu wa Masasi mmeniandikia, jamaa wa Kinondoni mmenisimamisha njiani, na wote mnataka kujua ilikuwaje mzee kama mimi, mwalimu wa dini niliyekwisha kupumzishwa kazi, nikafunga safari hadi Msalabani kwa Askofu pamoja na fundi Mwislamu. Namshukuru Mungu aliyenipa miguu ya kwenda na pumzi ya kurudi. Mambo ya tikiti na vibali nitayaacha, maana hayana ladha. Yaliyobaki ni haya.

Temeke hadi gatini

Ninyi mlio mbali lazima kwanza mjue kilichotutoa nyumbani. Wakristo Waanglikana wa Temeke wengi wetu ni watu wa kusini tuliofuata kazi za bandari, na kwa miaka mingi tulisali katika banda la makuti. Kisha tukaazimia kujenga kanisa la mawe. Kila Jumapili baada ya Misa wanaume kwa wanawake walibeba mawe vichwani, na chokaa ikaletwa kutoka tanuri za Kunduchi. Fundi tuliyempata ni Salum Kondo wa Kinondoni, Mzaramo, mtu wa rika langu, ambaye kuta zake watu huzionyesha kwa kidole.

Siku ya kuweka msingi mimi nilikuwa Masasi kwa msiba wa dada yangu. Wazee waliokuwapo walimwambia fundi, "Tulazie nyumba ya ibada kama ilivyo desturi," kisha wakaenda zao kazini. Naye akailaza kama ilivyo desturi: kichwa kaskazini, kuelekea Makka, maana ndivyo ilivyolala kila nyumba ya ibada aliyopata kujenga. Hakuna aliyemwambia kwamba sisi madhabahu yetu huwekwa mashariki. Na sisi wenyewe, tuliozoea banda lisilo na mbele wala nyuma, hatukuona kitu hata kuta zilipopita juu ya madirisha. Aliyeona ni padri. Alikuja asubuhi moja kutazama kazi, akasimama ndani akiukabili ule ukuta wa mbele, na jua likampiga ubavuni.

Ugomvi ukaanza siku hiyohiyo. Mzee Klementi, aliyetutangulia wote katika imani, aliapa kwamba hataingia katika kanisa linalosujudia Makka, na kwamba kuta zibomolewe hadi msingi. Wengine wakasema hawatabeba jiwe lilelile mara mbili. Watu waliokuwa wakipeana moto wa jikoni wakaacha kusalimiana. Kuta nazo zilikuwa wazi juu, hazina paa. Masika yakizikuta hivyo yangeziyeyusha, na hapangekuwa na cha kugombania tena. Padri akasema neno hilo ni la Askofu peke yake. Nikachaguliwa mimi kwenda kumwona Unguja.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Fundi Kondo mlangoni kwangu, kanzu safi, kikapu mkononi.

"Mwalimu, mie naja."

"Fundi, hukuitwa."

"Ukuta wangu ndio unaoshitakiwa. Ukihukumiwa mie sipo, Kinondoni nzima hakuna atakayenipa hata choo nijenge. Naja."

Tukaenda.

Pale bandarini tulipita mbele ya kanisa kuu la Kirumi walilojenga Wajerumani. Fundi akasimama, akautazama mnara hadi kofia ikataka kuanguka. Baba yake, alisema, alichoma chokaa ya majengo ya Wajerumani. Kisha akatazama mlango, akatazama bahari, akatazama jua.

"Mwalimu. Hili nalo limepotea? Mlango bandarini, kichwa kule bara. Mashariki yenu iko wapi hapa?"

"Hilo ni la Warumi."

"Ala! Kwa hiyo Warumi jua lao linatokea kwingine?"

Nilimwambia anyamaze, lakini nilipomgeuzia mgongo nilicheka.

Meli ilitakiwa kuondoka asubuhi, ikaondoka alasiri. Makuli walikuwa wakipakia shehena, kisha wakaipakua, kisha wakaipakia tena, wala hakuna aliyejua sababu. Tulikaa juu ya mizigo yetu tukila vitumbua alivyofungiwa fundi na mkewe. Mama mmoja wa Kimanga aliyekaa karibu aliniuliza kama sisi ni ndugu. Fundi akajibu kabla yangu: "Ni mgomvi wangu, mama. Tunakwenda kwa kadhi wao."

Unguja

Tulipofika tulikwenda moja kwa moja Mkunazini, lilipo kanisa kuu. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto, maana babu yangu mzaa baba ni mmoja wa watu walioachwa huru Unguja wakapelekwa Masasi na wamisionari. Lakini kusikia si kuona. Niliona kuta nene za mawe ya bahari na chokaa, madirisha membamba marefu yenye vichwa vilivyochongoka, na mnara wa saa. Nikavua kofia, nikajifanyia ishara ya msalaba.

Mlangoni alikuwapo mzee mlinzi wa kanisa, mwenye ufagio. Fundi alivua viatu, akavipanga vizuri kando, akaingia na kofia yake kichwani.

"Kofia, bwana! Kofia!" akasema mlinzi.

"Nimekwisha vua viatu."

"Viatu vaa ukitaka. Kofia ndiyo inayotoka."

Fundi akanigeukia. "Sie tunavua chini, nyie mnavua juu. Mtu akiwa na mashaka afanyeje?"

"Avue vyote," nikasema, nami nikavua viatu vyangu ili asiwe peke yake. Akavua kofia, akaishika kifuani. Tukaingia hivyo, vichwa wazi na miguu mitupu, mlinzi akitutazama kama watu waliokimbia mafuriko.

Ndani, jambo la kwanza fundi alilofanya ni kutazama juu. Ninyi mnajua nyumba zetu za pwani: upana wa chumba hauzidi urefu wa boriti, kwa hiyo vyumba vyote ni vyembamba. Lakini pale upana ni mkubwa, na juu hakuna hata boriti moja. Paa limepinda toka ukuta hadi ukuta kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, nalo ni la mawe matupu.

"Boriti ziko wapi?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mlinzi alifurahi kuulizwa. Alisema askofu wa zamani aliyelijenga alichanganya kokoto za mawe ya bahari na saruji, akamimina juu ya magogo ya kuegemeza. Mji mzima ulisema litaanguka, na siku ya kuondoa magogo watu walikuja kutazama likianguka. Magogo yakatoka, na paa halikushuka. Fundi alisikiliza huku kiganja chake kikiwa ukutani, kama mtu anayempima mgonjwa joto.

Karibu na mlango mlinzi alituonyesha nguzo za marumaru zilizowekwa kichwa chini, miguu juu. Hadithi ya pale ni kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakazipindua bila kujua, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Moyo wangu uliruka. Hapo ndipo palipo na utetezi wetu, nikawaza: kosa la ujenzi ndani ya kanisa kuu lenyewe, na Misa husomwa kila siku! Nilimnong'oneza fundi kwamba hilo ndilo tutakalomwambia Askofu.

Uso wake ukabadilika.

"Usiseme hilo."

"Kwa nini? Linakuokoa."

"Nguzo ile iliwekwa na mtu asiyejua nguzo. Mie ukuta naujua. Niliambiwa nyumba ya ibada, nikailaza nyumba ya ibada. Ukisema nilikosea kama hawa, Mwalimu, umeniokolea ukuta, lakini umeniua mie."

Mlinzi akatupeleka mbele, hadi kwenye madhabahu. Hapo, alisema, ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa, kabla soko halijafungwa. Askofu yule alitaka madhabahu iwe pale, si hatua moja kando. Jiwe jeupe la mviringo limewekwa sakafuni, na jekundu kulizunguka.

Nilipiga magoti. Nilitaka kusali sala niliyoizoea, haikuja. Nilimfikiria babu yangu, ambaye hakupenda kusimulia, na alipobanwa na wajukuu alisema tu, "Unguja palikuwa na jua kali." Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Niliposimama, fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia bado kifuani.

"Babu yako alisimama wapi, Mwalimu?"

"Sijui. Hakuna aliyeniambia."

"Basi popote hapa," akasema.

Tulipotoka ndipo nilipouliza habari za Askofu. Mlinzi akashangaa. "Baba Askofu hayupo. Amekwenda bara, Msalabani, kule Bonde nyuma ya Tanga, kutoa Kipaimara. Hatarudi kabla ya Pasaka."

Kabla ya Pasaka! Masika hayangengoja Pasaka. Nilikaa kwenye ngazi. Fundi alivaa viatu vyake, akaenda zake, nikadhani ameamua kurudi nyumbani. Akarudi na mkate wa kumimina umefungwa kwenye jani la mgomba, akaumega katikati.

"Nina shemeji yangu Tanga," akasema. "Kula twende."

Tanga

Bahari ya kwenda Tanga ilikuwa mbaya, nami sitaieleza. Tulifika siku ya Ijumaa. Shemeji wa fundi, Bwana Mbaruku, mfanyabiashara wa mkonge na mtu mkarimu, alifurahi mno kutuona hata akachinja jogoo. Wali ukaja, jogoo akaja juu yake, tukakaribishwa.

Ilikuwa Kwaresima, na Ijumaa. Nilikula wali na mchuzi wa pembeni, nyama sikuigusa. Mwenyeji akasukuma paja upande wangu. Nikashukuru. Akasukuma tena. Nikashukuru tena. Hatimaye akaweka mkono chini.

"Mzee, jogoo huyu nimemchinja kwa mkono wangu, kwa jina la Mungu. Au kwenu kichinjo cha Mwislamu ni haramu?"

Niliona haya. Kila nililotaka kusema lilikuwa refu mno. Fundi Kondo akalichukua lile paja akaliweka kwenye sahani yake.

"Shemeji, usimwonee mzee wa watu. Leo kwao nyama zimefunga Ramadhani. Samaki hawakufunga."

"Ramadhani ya nyama?"

"Ya nyama tu. Na mie, kwa kuwa ni rafiki yake, namsaidia kumwondolea majaribu."

Mwenyeji akacheka hadi akafuta macho. Akamwita mkewe, naye akaniletea nguru wa kukaanga na bada, ule ugali wa muhogo wa huko, nami nikala hadi nikashiba. Mungu ambariki yule mama. Kabla ya kulala, Bwana Mbaruku aliniuliza taratibu kama ni kweli kwamba tunataka kuubomoa ukuta wa shemeji yake. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Muheza na njia ya Msalabani

Treni ya Muheza haina haraka. Ilisimama katikati ya mashamba ya mkonge ikingoja mabehewa ya mizigo, kisha ikasimama tena ikingoja treni nyingine, ambayo hatukuiona. Muheza tulishuka mchana, tukanunua machungwa ya mwisho wa msimu, tukaanza kupanda kwa miguu. Wabondei tuliokutana nao njiani walitusalimu kwa heshima na kutuelekeza, na kila mmoja alisema ni karibu.

Kanisa la Msalabani ni la mawe, kubwa, limekaa kifuani pa milima kama mtu aliyepumzika. Askofu tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, amechoka kwa Kipaimara cha asubuhi. Ni Mwingereza, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja, kinapita cha wengi wetu. Nilibusu pete yake, nikaanza kueleza.

Nilieleza yote: mawe ya Jumapili, maneno ya wazee, jua ubavuni, kiapo cha Mzee Klementi. Nilipofika mahali pa kutetea, zile nguzo za kichwa chini zilinijia ulimini. Nilimtazama fundi. Alikuwa akitazama ardhi. Nikazimeza.

"Na huyu ndiye fundi?" Askofu aliuliza.

"Ndiye mimi, bwana mkubwa."

"Ulipotandika kamba ya msingi, ulifikiri nini?"

"Nilifikiri hawa watu watasali humu. Mtu akisali lazima ajue uso wake unakwenda wapi. Sie tunajua kumoja tu. Mngeniambia ghala, ningelaza kwa kufuata upepo."

Askofu akasema polepole: "Kuta zilizobebwa vichwani na watu wangu sitazibomoa. Lakini madhabahu iliyo kaskazini sitaibariki pia, maana nusu ya kundi wataiona ni dhihaka, na kanisa lisilo na amani ni mawe tu. Ninyi wawili mmesafiri pamoja. Nendeni mkae. Baada ya sala ya jioni mniletee shauri."

Naungama sikufurahi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta neno, nikarudishiwa swali.

Tulikaa nyuma ya kanisa. Fundi alipanga vijiti chini kuwa kuta nne za kanisa letu, ndefu toka kusini hadi kaskazini. Akamenya chungwa, akaweka ganda mwisho wa kaskazini.

"Madhabahu iko hapa. Nyie mnaitaka mashariki. Nikigeuza nyumba, ni kubomoa. Nisipoigeuza, ni ugomvi. Askofu wenu anataka ng'ombe na maziwa na ngozi."

Tulikula chungwa zima. Nilikuwa nikilitazama lile ganda, nikiwazia watu wetu mle ndani, mama zetu kule nyuma mlangoni na watoto wachanga migongoni, wasiosikia Injili hata padri apaaze sauti vipi. Nikalichukua ganda, nikaliweka katikati ya ukuta mrefu wa mashariki.

"Hapa je?"

"Hapo ni ubavuni."

"Ni mashariki. Tukae upana badala ya urefu. Mlango tuufungue magharibi, ng'ambo ya madhabahu. Hakuna atakayekaa mbali."

Fundi aliinama juu ya vijiti vyake. Aligusa mahali pa ganda kwa kidole, akakiondoa.

"Hapo pana madirisha mawili na nguzo ya ukuta katikati. Ndipo penye nguvu. Ili madhabahu ikae, nguzo ile itoke. Ukuta wangu nilioujenga ukiwa umesimama barabara, niupasue tumbo?"

"Basi haiwezekani?"

"Sikusema haiwezekani." Akavuta pumzi. "Nikiweka tao kubwa lililochongoka, kama yale ya madirisha ya Unguja, mzigo utagawanyika huku na huku. Utastahimili. Lakini asiguse mtu. Nitaubomoa mie mwenyewe."

Askofu alipotoka kwenye sala alikuja hapo hapo tulipokaa. Nilimweleza. Aliinama juu ya vijiti akiwa na mikono nyuma, akalitazama lile ganda la chungwa kwa muda mrefu.

"Watu watakaa kama ndege juu ya waya," akasema.

"Ndiyo, Baba. Lakini wote watasikia."

Akamgeukia fundi. "Ukuta utasimama?"

"Utasimama, inshallah."

"Basi tao likisimama nitakuja kubariki."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na ilionekana fupi, isipokuwa bahari. Temeke tulikuta mawingu yamekwisha kujikusanya upande wa kusi. Nikawakusanya watu Jumapili, nikawaeleza neno la Askofu. Wengine walilia. Mzee Klementi alisikiliza akiwa amesimama nje, mkono kwenye fimbo, akaondoka. Nilimwona anakwenda nikajua kwamba nusu ya safari yangu bado haijafika.

Fundi Kondo alikuja kesho yake na nyundo na patasi. Aliegemeza magogo kwanza, juu ya madirisha yale mawili, akayagonga moja moja kusikia kama yamebeba. Watu walikuja kutazama, hata wale waliotaka kuta zibomolewe, hata Waislamu majirani, kwa maana habari ilikwisha kuenea kwamba fundi anabomoa kazi yake mwenyewe. Alipiga nyundo ya kwanza, kisha akasita, akaupitisha mkono juu ya jiwe, akapiga tena. Chokaa ya Kunduchi ilimwangukia kichwani ikaifanya kofia yake kuwa nyeupe. Jiwe la kwanza likalegea. Alilitoa kwa mikono miwili, zito, akageuka juu ya jukwaa la miti akitafuta pa kuliteremshia, na chini hapakuwa na mtu aliyesogea. Mimi mwenyewe nilikuwa mbali, nimeshika gogo.

Mzee Klementi alitoka katikati ya watu. Aliiegemeza fimbo ukutani, akainua mikono.

"Lete," akasema.

Fundi akalishusha. Mzee Klementi akalipokea, akaliweka chini taratibu, akarudi kupokea la pili.